Namna ya kuifanya timu ya programu iyaamini majaribio yake

Timu nyingi za programu zina majaribio ya kiotomatiki, yaani programu ndogo zinazohakiki kwamba mfumo unafanya inavyotakiwa, lakini chache zina utamaduni wa kuyategemea. Tofauti utaiona siku seva ya ukaguzi, ile inayoyaendesha, inapowaka nyekundu kwa sababu jaribio limefeli. Kwenye timu moja watu wanaacha walichokuwa wakifanya mpaka ijulikane kulikoni. Kwenye nyingine mtu anasema, "Hilo huwa linafeli tu, liendeshe tena," na msimbo, yaani maandishi ya programu, unapanda hewani kwa watumiaji.

Mwongozo huu ni wa timu hiyo ya pili, na wa timu isiyo na jaribio hata moja. Nawalenga hasa watu wachache wanaofanya kazi pamoja, watatu mpaka kumi na watano, wanaotengeneza mifumo ya malipo, mauzo, shule au zahanati, na ambao kila wiki wana mteja anayesubiri kitu kipya. Hoja yangu ni moja: msanidi, yaani mwandishi wa programu, ataandika majaribio kwa moyo akiyaamini, na akishaacha kuyaamini hakuna sharti litakalomrudisha. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ipimeni kwa swali hilo hilo: inaongeza imani au inaipunguza?

Yaliyotokea Google mwaka 2005

Mwaka 2005 GWS, seva ya Google inayojibu maombi ya watu wanaotafuta mtandaoni, ilikuwa imefika pabaya. Mfumo ulikuwa umekua na kila toleo jipya lilichelewa kuliko lililotangulia. Kuna kipindi zaidi ya asilimia 80 ya matoleo yaliyopandishwa yalikuwa na hitilafu zilizowafikia watumiaji, ikabidi yarudishwe nyuma. Wahandisi wale walikuwa hodari, lakini mfumo ulishakuwa mkubwa kiasi kwamba hakuna mtu mmoja aliyeweza kuubeba wote kichwani, na kila aliyegusa kitu aliogopa.

Kiongozi wa kiufundi wa timu akaweka sharti: badiliko lolote la msimbo lije na majaribio yake, na majaribio yaendeshwe muda wote. Ndani ya mwaka mmoja matoleo ya dharura yakapungua kwa nusu. Ikumbukwe kwamba katika kipindi hicho hicho mabadiliko yaliyoingia kila robo mwaka yalikuwa mengi kuliko wakati wowote. Hofu ya kwamba majaribio yanachelewesha kazi ikakosa ushahidi pale pale ilipotarajiwa kuupata.

Jambo la kujifunza zaidi ni namna desturi hiyo ilivyosambaa kwa timu nyingine. Haikuletwa kwa waraka kutoka juu. Kikundi cha wahandisi waliojitolea, Testing Grouplet, kiliieneza kidogo kidogo kwa mbinu ambazo hata timu ya watu watano inaziweza. Nitazitaja kila moja mahali pake.

Hatua ya 1: Anzeni na hitilafu iliyowaumiza

Kosa la kwanza la viongozi wengi ni kutangaza asilimia: "Kufikia Desemba majaribio yetu yaguse asilimia 80 ya msimbo." Watu watafikisha hiyo asilimia kwa kujaribu vitu rahisi visivyoharibika kamwe, na hakuna atakayelala usingizi mzuri zaidi kwa sababu hiyo.

Fungueni kumbukumbu za hitilafu na meseji za wateja za miezi michache iliyopita. Tafuteni tukio moja lililowafanya mwamke usiku, au mrudishe hela za watu. Hilo ndilo jaribio lenu la kwanza.

Nichukue tukio ambalo karibu kila anayeunganisha mfumo wake na malipo ya simu hulikuta. Mteja amelipa shilingi 15,000. Huduma ya malipo inaituma taarifa kwenye seva yenu. Seva imeelemewa, inachelewa kujibu. Upande wa pili unadhani taarifa haikufika, unaituma tena. Seva inazipokea zote mbili, na salio la mteja linasoma 30,000. Jaribio lake ni hili, kwa lugha ya Python:

```python
def test_taarifa_ya_malipo_ikirudiwa_salio_linaongezeka_mara_moja():
    mteja = mteja_mwenye_salio(0)
    taarifa = taarifa_ya_malipo(kumbukumbu="ABC123", kiasi=15000)

    pokea_malipo(mteja, taarifa)
    pokea_malipo(mteja, taarifa)

    assert mteja.salio == 15000
```

Liandikeni kabla ya kurekebisha hitilafu. Liendesheni mlione likifeli, na mhakikishe linafeli kwa sababu iliyokusudiwa: linasema limepata 30000, wala halilalamikii faili lisiloonekana. Kisha rekebisheni, mlione likipita. Halafu fanyeni kitu ambacho wengi hukiruka: ondoeni marekebisho kwa muda, mbele ya timu nzima, jaribio liwe jekundu tena. Yule aliyekuwa na shaka akiona jaribio linaikamata hitilafu ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuitolea jasho, mahubiri hayahitajiki.

Angalieni jina la jaribio. Ni sentensi nzima inayoeleza kinachotarajiwa, na likifeli mtu anajua kilichovunjika kabla hajafungua faili. Kuandika majina kwa Kiswahili au Kiingereza ni uamuzi wa timu. Binafsi naona pale ambapo msimamizi wa bidhaa au mhasibu anakaa kusoma orodha ya majaribio, Kiswahili kinamwezesha kusema, "Mbona hamjaweka la mteja aliyelipa pungufu?" Swali kama hilo lina thamani kuliko majaribio kumi aliyobuni msanidi peke yake.

Tahadhari moja kwa wanaoshughulika na hela: jaribio hilo linatuma taarifa moja baada ya nyingine, ilhali hewani zinaweza kufika kwa wakati mmoja, kila moja ikaangalia kama malipo yameshaingia na kukuta bado. Kinga yake iko kwenye hifadhidata, kwa kuzuia namba moja ya kumbukumbu ya malipo isiandikwe mara mbili. Kwa hiyo ongezeni jaribio la pili linalotumia hifadhidata halisi ya aina ile ile iliyoko hewani, na kujaribu kuingiza namba hiyo hiyo mara mbili. Ingizo la pili likikataliwa, mko salama.

Na jaribuni njia ya kukataa kwa bidii ile ile mnayoitumia kwa njia ya kukubali. Februari 2014 Apple ilitoa marekebisho ya dharura ya iOS, mfumo endeshi wa iPhone, kwa sababu ya mstari mmoja, `goto fail;`, uliojirudia mara mbili kwenye msimbo unaothibitisha utambulisho wa seva. Mstari wa pili uliruka ukaguzi wa saini ya kidijitali ya seva, na mfumo ukasema kila kitu kiko sawa. Tovuti halali zilifunguka vizuri, kwa hiyo kwa macho hakukuwa na kasoro. Jaribio moja lililopeleka saini mbovu na kutarajia kukataliwa lingefeli siku ile ile. Kwenu inaweza kuwa neno la siri lisilo sahihi, risiti iliyoghushiwa, au mwanafunzi wa shule moja anayejaribu kufungua matokeo ya shule nyingine.

Hatua ya 2: Amri moja, hata bando likiisha

Msanidi mpya akishapakua msimbo, aendeshe majaribio yote kwa amri moja: `make jaribu`, `npm test`, `pytest`, vyovyote. Akihitaji kumuuliza mtu funguo za siri, kuhariri faili tatu na kusubiri aongezwe kwenye seva fulani, ataendesha majaribio mara moja tu, siku ya kwanza.

Google waliyagawa majaribio kwa ukubwa, na mgawanyo huo unafaa popote. Dogo linakaa ndani ya mchakato mmoja, haligusi mtandao wala diski. La kati linakaa ndani ya kompyuta moja, kwa hiyo linaweza kutumia hifadhidata iliyo humo humo. Kubwa linaweza kwenda popote. Pendekezo lao lilikuwa takriban asilimia 80 yapime kipande kidogo cha msimbo, 15 yapime vipande vichache vikishirikiana, na 5 yapime mfumo mzima. Msizishike namba hizo kama sheria, shikeni mwelekeo wake: mengi yawe madogo, maana dogo linakimbia haraka na likifeli linaonyesha kidole mahali pa tatizo.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Jaribio linalohitaji intaneti litafeli bando likiisha, umeme ukikatika na ruta kuzimika, au mazingira ya majaribio ya huduma ya malipo yakiwa hayapatikani mchana mzima. Kila mara hiyo inapotokea, msanidi anajifunza kwamba nyekundu haina maana. Tengenezeni huduma bandia, yaani msimbo mdogo unaojibu kama huduma ya malipo ingejibu: malipo yamefanikiwa, salio halitoshi, mteja ameghairi, muda umekwisha bila jibu. Majibu yenyewe yanakilini kutoka kwenye majibu halisi mliyoyahifadhi, msiyabuni kwa kusoma maelezo tu, kwani maelezo na huduma huwa havifanani kila mahali. Kisha wekeni majaribio machache makubwa yanayoongea na mazingira halisi ya majaribio, yaendeshwe usiku, yasimzuie mtu kuunganisha msimbo mchana.

Kuhusu muda: majaribio madogo yote yaishe chini ya dakika moja kwenye laptopu ya kawaida ya kazini, na seti nzima isizidi dakika kumi kwenye seva. Hicho ni kipimo changu, wala si cha kitaalamu sana. Ukizidisha hapo, mtu anatoka kwenda kunywa chai na kurudi akiwa amesahau alichokuwa akikifanya.

Hatua ya 3: Mlango ufungwe na mashine

Tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo wa timu nzima, lisipokee msimbo ambao majaribio yake hayajapita. GitHub na GitLab, huduma za kutunzia msimbo, zina mpangilio huo na kuuwasha ni kazi ya dakika chache. Mkiwa hamtaki kulipia seva, kompyuta ya zamani ya ofisini yenye Jenkins, programu ya kuendesha majaribio, inatosha kabisa kuanzia, ilimradi iwe na UPS na mtu anayeiangalia.

Mashine ikikataa, hakuna anayenuna. Akikataa mwenzako, kuna siku atamwonea haya mkubwa wake au atamhurumia rafiki yake. Kwa hiyo mlango huo usiwe na funguo ya ziada ya kiongozi. Mkuu wa kitengo akipita pembeni mara moja, ijapokuwa kwa nia njema, vijana wameshajifunza kwamba sharti ni la wadogo.

Dharura itakuja. Kubalianeni mapema kwamba mfumo ukivunjika hewani, jambo la kwanza ni kurudisha toleo lililotangulia, ambalo majaribio yake yalishapita. Marekebisho yafuate kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo fanyeni mazoezi ya kurudisha toleo nyuma siku ya utulivu, kila mtu ajue amri yake.

Hatua ya 4: Msimwache kigeugeu

Hapa ndipo timu nyingi zinapoanguka, na ndiyo maana nitakaa kidogo.

Jaribio kigeugeu ni lile linalopita sasa na kufeli baadaye bila msimbo kubadilika. Moja pekee linaonekana dogo. Lakini fanyeni hesabu: mkiwa na majaribio 500, na kila moja linafeli bila sababu mara moja tu katika mara 1,000, basi takriban mara 4 katika kila 10 mnazoendesha seti nzima kutakuwa na nyekundu ya uongo mahali fulani. Wahandisi wa Google wameandika kwamba kufeli kwa namna hiyo kukikaribia asilimia 1, majaribio yanaanza kupoteza thamani, kwa sababu watu wanaacha kuyajali. Timu ya kawaida inaweza kufika huko bila kujua.

Mfano ambao wasanidi wa Afrika Mashariki wanapaswa kuujua kama wanavyojua majina yao. Kuna ripoti ya mauzo ya siku. Jaribio linaandika mauzo ya "sasa", kisha linaomba ripoti ya "leo" na kutarajia kuyaona. Mchana linapita, jioni linapita. Saa saba usiku msanidi anayekimbizana na tarehe ya mwisho analiendesha, linafeli. Asubuhi analiendesha tena mbele ya wenzake, linapita. Wanalicheka, wanaendelea na kazi.

Kilichotokea ni kwamba seva inahesabu muda wa UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, nasi wa Tanzania, Kenya na Uganda tuko saa tatu mbele. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku, kwetu imeshakuwa siku mpya ilhali kwenye seva bado ni jana. Sehemu moja ya msimbo inatumia tarehe ya seva, nyingine inatumia ya Afrika Mashariki, na kwa saa hizo tatu hazikubaliani. Jaribio halikuwa na kosa lolote. Lilikuwa linasema kweli: muuzaji wa chipsi wa usiku, baa, kituo cha mafuta, basi linaloondoka usiku wa manane, wote mauzo yao ya saa hizo yanaingia siku isiyo yao. Mwisho wa mwezi yanaingia mwezi usio wao, na mhasibu anatafuta hela ambazo hazijapotea.

Tiba ni msimbo kuacha kuiuliza saa ya kompyuta. Muda upokelewe kama taarifa nyingine yoyote, na jaribio liutaje wazi:

```python
def test_mauzo_ya_saa_saba_usiku_yanahesabiwa_siku_mpya():
    uza(kiasi=8000, muda=datetime(2024, 3, 31, 22, 0, tzinfo=UTC))

    assert ripoti_ya_siku(date(2024, 4, 1)).jumla == 8000
    assert ripoti_ya_siku(date(2024, 3, 31)).jumla == 0
```

Saa 22:00 ya UTC tarehe 31 Machi ni saa saba usiku ya tarehe 1 Aprili kwetu. Jaribio hili litapita au kufeli vile vile saa yoyote mtakayoliendesha, na limeugusa mpaka wa siku na wa mwezi kwa mpigo mmoja.

Ndiyo maana nasisitiza: kigeugeu kikionekana, kwanza chukulieni kwamba kimeona hitilafu ya kweli. Wakati mwingine ni hivyo. Sababu nyingine za kawaida ni majaribio mawili yanayochafuliana data, ambapo kila moja linapaswa kuanza na hifadhidata safi na mpangilio wa kuendesha uchanganywe ovyo ili utegemezi ujitokeze. Na kusubiri kwa kubahatisha, mtu ameandika "subiri sekunde mbili" badala ya "subiri mpaka risiti ionekane".

Utaratibu unaofaa ni huu. Kigeugeu kikigundulika, siku hiyo hiyo kinahamishiwa karantini, yaani folda ya pembeni isiyozuia kuunganisha, kikiwa na jina la mwenye jukumu na tarehe. Kina wiki mbili. Zikiisha, kimerekebishwa au kimefutwa. Kukifuta kunauma, najua, lakini jaribio ambalo hakuna anayeliamini linawafundisha watu kutoyaamini na yale mazuri. Na msiweke kabisa mpangilio wa "likifeli jaribu tena mara tatu kimya kimya". Huo unawaficha mnachotakiwa kukiona.

Hatua ya 5: Mapitio ya msimbo ndiyo darasa

Sharti liandikwe sentensi moja kwenye maelezo ya mradi: badiliko linalobadilisha tabia ya mfumo linakuja na jaribio lake. Marekebisho ya maandishi au rangi ya kitufe yasihusishwe, maana sharti lisilo na akili huvunjwa mchana kweupe.

Anayepitia msimbo aanze kusoma majaribio kabla ya msimbo wenyewe. Majaribio yatamwambia mwandishi alikuwa anafikiria nini, na mara nyingi pengo linaonekana hapo. Kisha achague mstari mmoja muhimu, aubadilishe kwenye kompyuta yake, ageuze `>` iwe `>=` au aondoe sharti zima, na kuendesha majaribio. Yote yakibaki kijani, ameona jambo la kuuliza.

Lugha ya kuuliza ina uzito. "Hakuna majaribio, rudisha" inamfanya kijana aandike jaribio lolote ili mradi apite. Afadhali: "Kaka, hongera, imekaa vizuri. Nimeondoa ukaguzi wa salio pale kwenye `toa_fedha` na majaribio yote yamepita. Naomba tuongeze moja la mteja anayetaka kutoa zaidi ya alichonacho, nitakusaidia kuandaa data." Maneno hayo yanamwonyesha mahali penyewe na yanambakizia heshima yake. Na wakubwa wa timu wawe wa kwanza kuombwa hivyo hadharani, wajibu "sawa, naongeza" bila mjadala. Mdogo akishaona dada mkubwa mwenye uzoefu wa miaka mingi ameambiwa aongeze jaribio na ameongeza, jambo limekwisha.

Hatua ya 6: Msimbo wa zamani

Msiombe miezi mitatu ya kuandika majaribio ya mfumo mzima. Hamtapewa, na mkipewa mtachoka njiani. Fuateni kanuni ya mguso: sehemu inayobadilishwa leo ndiyo inayopata majaribio leo. Baada ya muda mtakuta sehemu zinazobadilika mara nyingi zimelindwa vizuri, na zile ambazo hazijaguswa tangu mfumo uanze zimebaki zilivyo, wala hazimsumbui mtu.

Msimbo mkubwa usioeleweka unahitaji mbinu nyingine. Tuseme kuna kitendakazi, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake maalumu, cha mistari 600 kinachokokotoa mishahara na makato, na aliyekiandika ameshahama. Kabla ya kukigusa, chukueni mishahara halisi ya miezi kadhaa, ondoeni majina na namba za utambulisho, ipitisheni kwenye kitendakazi hicho na kuhifadhi majibu yake yote kama yalivyo. Hayo majibu yawe jaribio. Halisemi kwamba kinachofanyika ni sahihi. Linasema tu kwamba ndicho kinachofanyika sasa, na mkibadilisha chochote mtajua. Mkikuta jibu la ajabu, msilirekebishe kimya kimya. Muulizeni mhasibu, kwani kuna makato ya ajabu ambayo yapo kwa makubaliano ya zamani na wafanyakazi wanayategemea.

Hatua ya 7: Bosi na mteja

Msiweke "kuandika majaribio" kama mstari wa peke yake kwenye makadirio ya kazi. Mstari huo ndio wa kwanza kukatwa mteja akiomba punguzo. Kazi ikikadiriwa siku nne, ni siku nne za kitu kinachofanya kazi na kuthibitishwa. Bosi akiuliza mnapoteza muda kwa nini, mpelekeeni tukio la Hatua ya 1 kwa shilingi: hela zilizorudishwa, saa za watu watatu zilizotumika kusahihisha salio kwa mkono, mteja aliyehama. Kisha mwonyesheni jaribio la mistari sita.

Hatua ya 8: Wageni, karatasi na ngazi

Kikundi cha Google kiliomba saa moja kwenye mafunzo ya wahandisi wapya. Humo majaribio yalifundishwa kama desturi ya kawaida ya kampuni, ingawa wakati huo timu nyingi hazikuwa zikifanya hivyo. Wageni wakaenda kwenye timu zao wakiandika majaribio na kuwauliza wenyeji yako wapi yao. Kwa kuwa kampuni ilikuwa inaajiri kwa kasi, ndani ya mwaka mmoja au miwili waliofundishwa walikuwa wengi kuliko wasiofundishwa. Kwenu inawezekana hivi: kazi ya kwanza ya kila anayeajiriwa au kuja kwa mafunzo kwa vitendo iwe kurekebisha hitilafu ndogo, kwa jaribio linalofeli kwanza. Siku ya kwanza mtu huchukua desturi anazozikuta.

Aprili 2006 wakaanza kubandika karatasi ya ukurasa mmoja ndani ya vyoo vya ofisi, kila moja ikiwa na somo dogo la kuandika majaribio bora. Watu waliisoma kwa sababu ilikuwa mbele ya macho yao na ni fupi. Ofisi yenu ikiwa ndogo, ukuta wa karibu na birika la chai unatosha. Timu ikiwa imetawanyika Arusha, Mombasa na Kigali, meseji moja kila Jumatatu kwenye kundi la kazi itafanya kazi hiyo. Sharti ni iwe na mfano mmoja kutoka kwenye msimbo wenu wenyewe, na isizidi skrini moja ya simu. Waandishi wapokezane.

Mbinu yao ya tatu ilikuwa ngazi tano walizoziita Test Certified. Ngazi ya kwanza ilitaka vitu vinavyowezekana haraka: seva inayoendesha majaribio muda wote, majaribio yaliyopangwa kwa ukubwa, na orodha ya vigeugeu vinavyojulikana. Ya pili ilikataza kutoa toleo majaribio yakiwa mekundu. Ugumu ukapanda kidogo kidogo. Mpaka nafasi ya mpango huo ilipochukuliwa na mfumo wa kiotomatiki mwaka 2015, zaidi ya miradi 1,500 ilikuwa imesaidiwa nao. Nawashauri mjiandikie ngazi tatu zenu, ya kwanza iwezekane ndani ya wiki mbili, na mziweke mahali panapoonekana. Timu iliyopanda ngazi moja huwa haikubali kushuka.

Hatua ya 9: Cha kuhesabu

Asilimia ya mistari inayoguswa na majaribio itumieni kama tochi ya kutafutia pasipoguswa kabisa, hasa kwenye msimbo wa hela na wa ruhusa. Msimlipe mtu bonasi kwa hiyo. Jaribio linaweza kugusa mistari mia na lisithibitishe chochote.

Hesabu ninazoziona za maana ni nne: matoleo mangapi mwezi huu yalirudishwa nyuma, hitilafu ngapi mteja aliziona kabla yenu, seti nzima inachukua dakika ngapi, na vigeugeu vingapi viko karantini. Ziandikeni kila mwisho wa mwezi kwenye ubao, bila majina ya watu.

Kila hitilafu iliyoonwa na mteja ikaliwe kikao kifupi chenye swali moja: ni jaribio gani lingeikamata, na kwa nini halikuwepo? Jibu likiwa "hatukufikiria", liandikeni siku hiyo na kikao kimekwisha. Likiwa "lilikuwa gumu kuandika", basi msimbo wenyewe umefungamana mno, na kazi ya wiki ijayo imeshajulikana: utenganisheni mahali hapo mpaka jaribio liandikike kwa mistari isiyozidi kumi.